Peni Sita Iliyopindwa

Viatu vilikuwa vyeupe, vya kisigino kirefu chembamba, na Lusajo alivipokea kwa ncha za vidole viwili kwa sababu mikono yake ilikuwa myeusi kwa kiwi ya viatu. Miaka kumi na tisa alikuwa akishona viatu katika kibanda chake cha sokoni Stratford, na katika miaka yote hiyo hajapata kumchafulia bibi harusi kiatu hata mara moja.

"Shikamoo, Uncle."

"Marahaba, Haika mama. Umekua! Baba yako hajambo?"

"Hajambo. Yuko busy na ukumbi."

Hakuwa na haja ya kuuliza ukumbi gani. Haika alikuwa binti wa Humphrey, mwenyekiti wa chama cha Watanzania, na Jumamosi ile ilikuwa sendofu yake, sherehe ya kumwaga kabla ya harusi. Kadi ilikwishafika, na kiwango cha mchango kilikuwa kimeandikwa chini, wino mwekundu.

"Mzee, siku hiyo uvae suti," Kizito alipaza sauti kutoka kibanda cha pili. Kizito aliuza makava ya simu, na kila Jumamosi alikuwa MC wa sherehe za vyama vyote. "Ukija na hiyo aproni nakutangaza kama mpishi."

"Nitangaze. Mpishi hula kwanza."

Haika alicheka, kisha akaeleza shida yake. Mchumba wake alikuwa Mwingereza, na bibi mzaa mama wa huyo kijana alisema bibi harusi wa kwao anatembea na sarafu ya fedha ndani ya kiatu cha kushoto, iwe ya bahati. Peni sita, tena ya zamani. Haika alikuta moja nyumbani, kwenye droo ambamo baba yake anaweka tai.

"Dad sijamwambia bado. Lakini imepinda, Uncle, itaniumiza. Unaweza kuigonga inyooke, halafu uifiche hapa chini?" Alionyesha soli ya ndani, akamwaga sarafu kutoka kwenye bahasha ndogo juu ya meza.

Lusajo hakuigusa mara moja. Aliitazama tu.

Ilikuwa na ukubwa wa peni moja ya siku hizi. Upande mmoja ulionyesha kichwa cha mfalme, kimesuguika hata pua haipo, zimebaki nywele ndefu za mawimbi. Ukingo mmoja ulipindwa kwenda juu na mwingine kwenda chini. Alipoigeuza kwa ncha ya kisu aliona upande wa pili umelainishwa kabisa, na katikati yake imechongwa herufi S.

"Njoo Ijumaa," alisema.

"Ni pauni ngapi?"

"Ijumaa, mama. Njoo Ijumaa."

Binti alipoondoka, Lusajo alivuta kigoda akakaa. Nyundo ilikuwa mkononi, na hakujua aliishika saa ngapi.

Sarafu ile alikwishaiona mara moja tu, miaka mitatu nyuma, juu ya meza ya jikoni kwake. Aliileta mkewe Generosa. Generosa alikuwa akifanya kazi ya kulea wazee, na mzee aliyemtunza kule Queensbury, Bibi Sushila, alikuwa mama wa Kihindi aliyezaliwa Moshi, akaja London zamani zile. Generosa mwenyewe alikuwa wa Kibosho. Basi kutwa walikuwa wakipiga Kiswahili, wakitaja mitaa ya Moshi na maduka yaliyokwishafungwa, na bibi akilia kwa kucheka. Siku moja akamfumba Generosa mkono na kitu ndani yake. Hii chukua, alimwambia, usiwaambie wanangu watasema nimezeeka.

"Mtazame mfalme wa Waingereza," Generosa alisema siku ile pale jikoni. "William. Bibi anasema ni ya mwaka elfu moja mia sita tisini na sita, na nywele zake ni kama katoka saluni sasa hivi."

Lusajo aliishika. "Imepinda. Nikunyooshee? Dakika moja tu."

"Wee! Ukiinyoosha umeiua. Imepindwa makusudi. Zamani kijana akimpenda msichana anapinda sarafu, isitumike tena dukani, anampa. Marehemu mume wa Bibi aliikuta mnadani, akaona herufi S, akamletea Sushila wake." Kisha akampitisha kidole chake ukingoni, pale ambapo palibaki vijimeno vidogo. "Na haya meno, unajua ni ya nini? Watu walikuwa wanakata pesa pembeni kwa mkasi, kidogo kidogo, wanakusanya fedha. Serikali ikaleta mashine, kila sarafu ikatoka na meno. Ukikata tu, unaonekana."

"Ingekuwepo mashine ya viongozi wetu," alisema Lusajo, na mkewe akampiga na kitambaa cha vyombo.

Generosa alikuwa mtu wa kufuata sheria. Kampuni iliyomwajiri ilikataza mlezi kupokea zawadi, kwa hiyo kesho yake aliipeleka sarafu ofisini, akamkabidhi meneja. Meneja alikuwa Humphrey huyu huyu, mwenyekiti. "Iache hapa, dada, naiandika kwenye kitabu," alisema. Generosa akashukuru, akarudi zake kazini.

Wiki mbili baadaye mtoto wa Bibi Sushila, Hemal, aliuliza sarafu ya mama yake imekwenda wapi. Kitabu kilipofunguliwa, hakikuwa na kitu. Humphrey alisema hajawahi kuiona.

Na hapo ndipo Lusajo alipofanya alilolifanya. Humphrey alimwita pembeni baada ya misa, akamshika bega kama ndugu. Alimwambia Wahindi wanataka kwenda polisi, mkeo atafungwa, hata viza zenu zitaguswa. Mimi ni mtu wenu, nimewatengenezea barua ya kuomba radhi, wewe kama baba wa nyumba weka sahihi yaishe kimya kimya. Barua ilikuwa ya Kiingereza. Lusajo aliishia darasa la nne. Alimwona mwenyekiti mbele yake, amevaa suti, ana mhuri, na tangu utotoni alizoea kumtii mtu mwenye mhuri. Alisaini. Tena alisema, "Ahsante sana, Mwenyekiti. Msamehe mke wangu. Kama alichukua, basi ni tamaa tu."

Generosa alifukuzwa Jumatatu. Alirudi nyumbani, hakuvua hata koti.

"Ulisaini?"

"Nilisaini, mama, ili yaishe."

Generosa aliingia jikoni, akaanza kupika. Aliishi miezi kumi na minne baada ya hapo. Alimpikia, alimfulia, alimnyooshea mashati ya kanisani, lakini habari za siku yake hakumsimulia tena, na vicheko vya jikoni vilikwisha. Presha ilimwangusha kwenye kituo cha basi. Msibani alisimama nani? Humphrey. Alikusanya rambirambi, alisoma wasifu, alisema dada yetu alikuwa mwaminifu. Lusajo alilia kifuani kwake, akamshika mikono yote miwili kumshukuru.

Aliirudisha nyundo mahali pake.

Saa kumi jioni ileile Humphrey alifika mwenyewe. Haika alishindwa kutunza siri, akamwambia mama yake kwenye simu, na mama akamuuliza mumewe hiyo peni sita ni ya wapi.

"Kaka Lusajo! Naona kazi imejaa."

"Karibu, Mwenyekiti."

"Mtoto amekuletea kitu changu bila kuniuliza. Kasarafu fulani hivi. Nilikanunua mnadani."

"Mnada gani?"

"Zamani, bwana, nani anakumbuka."

"Nyuma ina herufi gani?"

Humphrey alicheka, akatazama saa. "Herufi? Sijui herufi."

"Mtu akinunua kitu kwa pesa yake anakiangalia pande zote mbili."

Kicheko kiliisha. Humphrey aliinama juu ya meza, na sauti yake ikawa ile ya siku ya misa. "Lusajo. Usinivurugie shughuli ya mtoto. Nani alisimama kwenye msiba wako? Nani alihangaika mpaka jeneza likapanda ndege? Na ukianza maneno, kumbuka kuna karatasi. Sahihi iliyoko pale si yangu peke yangu."

"Sarafu leo siitoi."

"Utaitoa." Alinyoosha koti lake. "Nani atakusikiliza? Wewe mwenyewe hukumsikiliza."

Alikwenda zake akimpungia Kizito mkono, na Kizito akampungia.

Kesho yake, Jumatano, Lusajo alifunga kibanda mchana, jambo ambalo hakulifanya hata alipokuwa na homa. Alipanda treni ya Jubilee pale pale Stratford inapoanzia, akapita London nzima chini na juu ya ardhi mpaka Queensbury. Ndiyo njia ambayo Generosa aliipita kila asubuhi, na yeye hakuwahi kumsindikiza hata siku moja.

Hemal alifungua mlango mwenyewe. Alikuwa mtu wa miaka sitini na ushei, mnene, na Kiswahili chake kilikuwa cha mtoto aliyeondoka Moshi akiwa darasa la pili.

"Mimi mume wa Generosa," alisema Lusajo. Akafungua kiganja.

Hemal alivaa miwani. Aliichukua sarafu, akapitisha kidole gumba juu ya ile S, akakaa kwenye ngazi ya ndani. "Hii ya mama," alisema. "Umepata wapi?"

"Kwenye droo ya Humphrey."

Alisimulia yote. Hemal alisikiliza, akasema mama yake amefariki mwaka jana, na mpaka mwisho alikuwa akiuliza Generosa yuko wapi, kwa nini haji.

"Bwana Hemal, mama yako hakusema kwamba alimpa?"

"Alisema. Siku ile ile alisema, nimempa mimi."

Lusajo alipandisha sauti. "Sasa kwa nini mlinyamaza?"

"Mama alikuwa anasahau. Leo anasema hivi, kesho vile. Mimi nilikuwa nataka kumwamini, lakini ile ofisi imetuonyesha karatasi yako. Mimi nikasema, mume mwenyewe amesaini, sasa mimi nani?"

"Ile ilikuwa ya kuomba radhi."

Hemal alivua miwani, akamtazama vibaya, si kwa hasira, kwa namna ya kumwonea mtu haya. "Radhi? Hapana, bwana. Kasome tena."

"Sina nakala."

"Basi tafuta." Hakutaka kusema zaidi. Alimrudishia sarafu, akamfumba mkono juu yake. "Mama alimpa. Ni ya kwenu. Na kama unafikiri ni mali, si mali. Mfalme kafutika uso, kapindwa. Mwenye duka atakupa pesa ya kununua mboga za wiki."

Mboga za wiki. Katika treni ya kurudi Lusajo alilirudia neno hilo kimoyomoyo tangu Queensbury mpaka Stratford. Kumbe Humphrey alisikia neno mfalme na neno fedha akadhani kaokota utajiri, kisha akaogopa kuiuza, akailaza kwenye droo ya tai. Mke wa mtu akaangamia kwa mboga za wiki. Ndivyo walivyo wakubwa wetu: kosa lao wanalibebesha mtu mdogo, halafu wanampa pole.

Aliposhuka alipiga simu. "Mwenyekiti, nataka ile karatasi. Nikiipata ndipo tuongee habari ya sarafu."

"Umekuwa mtu wa busara," alisema Humphrey. "Nitampa Haika Ijumaa. Mwachie sarafu, tumalize kiutu uzima." Wala hakujiuliza mara mbili. Lusajo hajui kusoma Kiingereza, na bahasha ikishafungwa kwa gundi, mtoto aliyelelewa vizuri haifungui.

Ijumaa Haika alifika na kucha zimekwishapakwa rangi. Aliweka bahasha ya kaki mezani.

"Dad kasema nikupe hii, na wewe unipe coin."

"Kaa, mama. Kaa kwenye kigoda." Lusajo aliichana bahasha, akaikunjua karatasi. Sahihi yake aliitambua, imelala chini kama mdudu. Mengine yote yalikuwa mistari tu. "Nisomee. Taratibu, kwa Kiswahili."

"Kiswahili changu kibaya, Uncle."

"Kitanitosha."

Alianza kwa kujiamini, kama mwanafunzi. "Mimi, Lusajo... nina-confirm... nathibitisha kwamba, tarehe hii, nilimwona mke wangu..." Akaurudia mstari kwa macho.

"Endelea."

"Nilimwona mke wangu Generosa na coin ya mteja. Na... akaiuza kwa mtu, Southall. Na alinikataza nisiseme." Sauti ilikuwa imeshuka. "Nasema haya kwa hiari yangu. Halafu jina lako. Halafu witness." Hakulisoma la mwisho. Aliliwekea kidole.

"Hiyo nyingine sahihi ya nani?"

"Ya Dad."

Watu walipita na mifuko yao, mama mmoja akauliza kama funguo zinachongwa hapa. Lusajo alikuwa anamwona Generosa amesimama mlangoni na koti mwilini. Ulisaini? Generosa alisoma Kiingereza vizuri. Asubuhi ile ya Jumatatu ofisini walimpa karatasi hii aisome. Miezi kumi na minne yeye alidhani mkewe amemnunia kwa kuomba radhi. Kumbe alikuwa akimpikia mtu aliyeandika kwamba alimwona akiiba.

"Uncle," alisema Haika, "why did you sign it? Kwa nini?"

"Baba yako alisema ni barua ya kuomba radhi. Darasa la nne mimi, mama. Kiingereza changu ni cha viatu."

"Na coin?"

Aliitoa mfukoni mwa aproni, akamwonyesha ile S, akamweleza ilikotoka na mikono iliyopitia. Hakuongeza chumvi. Haika alisikiliza, na mwishowe alisema polepole, kama anamsimulia mtu asiyemjua, "Mimi niliikuta kwenye droo ya Dad."

"Ndiyo."

"Chini kabisa. Imefungwa kwenye kitambaa."

"Ndiyo, mama."

Aliinuka. Lusajo alimsogezea viatu. Chini ya soli ya kushoto alikwishaweka peni tano mpya, nyembamba, isiyoumiza. Haika alivitazama, akatikisa kichwa, akaondoka mikono mitupu, na karatasi hakuigusa tena.

Jumamosi Lusajo hakwenda sendofu. Jumatatu asubuhi Kizito alikuja na chai mbili, macho yakimtoka kwa habari.

"Mzee, umekosa! Tumefika kwenye keki. Si unajua, bibi harusi anapiga goti, anawalisha wazazi. Kamlisha mama, kamlisha shangazi. Mimi naita, baba mzazi, baba mzazi! Haika kaweka uma chini, karudi kukaa. Nikamwambia DJ weka muziki, weka muziki!"

"Humphrey alifanyaje?"

"Alicheka. Akachukua maiki, akaishukuru kamati. Na akakumbusha uchaguzi mwezi ujao." Kizito alipuliza chai. "Hana mpinzani."

Lusajo alimwonyesha karatasi, akamwambia yote. Kizito aliisoma mara mbili, akaikunja vizuri kufuata mikunjo yake ya zamani.

"Sasa, Kizito. Wewe una maiki kila wiki. Liseme hili."

"Mzee wangu." Aliangalia pembeni. "Kazi za u-MC ananipa nani? Na isitoshe, hapa imeandikwa wewe ndiye uliyemwona. Watu watakucheka wewe."

Alirudi kibandani kwake kupanga makava.

Lusajo alikunywa chai mpaka ikaisha. Kisha aliikunjua karatasi juu ya chuma cha kugongea viatu, akachukua kalamu nene anayoandikia namba kwenye soli, na chini ya sahihi mbili akaandika kwa herufi zake kubwa za darasa la nne: HUU NI UONGO. GENEROSA HAKUIBA. NILIYESAINI NI MIMI MUME WAKE. Ilimchukua muda; neno la mwisho halikutosha, ikabidi alipindishe pembeni.

Alitoka mbele ya kibanda, penye bango la bei za visigino na zipu, akaipigilia kwa misumari minne ya viatu, urefu wa macho ya mtu mzima. Anayekwenda kupanda basi lazima apite hapo, na Watanzania wote wa upande ule wanapita.

"Mzee!" Kizito aliita. "Unajiaibisha!"

"Ndiyo," alisema Lusajo.

Akaingia ndani, akaweka viatu vyeupe kwenye rafu ya juu pamoja na tikiti yenye jina la Haika, akashika kiatu cha mteja wa kwanza. Sarafu ilikuwa mfukoni mwa aproni, bado imepinda. Nje mwanamke mmoja mwenye kilemba alikuwa amekwishasimama mbele ya bango, na alikuwa haangalii bei.